Waya wa Ethi

Gari la Mama Ndeanka lilirudi Jumanne,
siku ya nne tangu nishushe giaboksi iliyokufa
nikapandisha nyingine, mtumba,
yenye maandishi ya Kijapani ubavuni.
Gia ziliingia laini, kisu na ndizi mbivu.
Injini ndiyo iliyonuna.
Inatetemeka ikisimama,
inakohoa kwenye kipilefti cha YMCA,
inataka kuzima, haizimi.
"Fundi," alisema, na hakucheka,
"nimetoka Kibosho na maziwa
nimefika hapa na siagi."

Pasua mchana ni bati na jua.
Nilianza na koili, nachomoa moja moja.
Kila niliyochomoa, injini ilizidi kupepesuka,
maana yake zote nne zinafanya kazi,
hakuna mvivu wa kunyooshewa kidole.
Plagi kavu, rangi ya kahawa iliyokaangwa vyema.
Hozi za upepo nikazipulizia dawa, kiungo kwa kiungo,
sikio langu karibu liungue.
Mlio haukubadilika.

Godlisten akaja na kompyuta yake,
akaichomeka chini ya usukani,
ikatapika makosa sita kwa mkupuo,
sensa hii, sensa ile,
kama mlevi anayelia
akimtaja kila aliyewahi kumkosea.
"Badilisha zote," akasema.
Ngoja, nikamwambia,
gari haliugui magonjwa sita kwa siku moja.
Kilichokuwa kizima kabla ya mkono wangu
kimeumizwa na mkono wangu.
Hilo niliwaza tu.
Kwa mdomo nilimtukana muuza giaboksi.

Giza lilipoingia nikawasha taa za gari nipate kuona,
injini ikazidi kuugua.
Nikazima. Nikawasha tena.
Nikajaribu waipa: zikajikokota kiooni
kama zinalima.
Basi umeme unatoka nyumbani
na hauna njia ya kurudi.

Nikalala chali, tochi kwenye meno.
Pale juu, giaboksi inapokutana na injini,
waya bapa uliosukwa kama ukili
unaning'inia.
Ncha yake safi. Haijashika chochote.
Sisi tunauita ethi.
Wenye vitabu wanauita waya wa ardhi.

Ndipo nikakumbuka.
Ijumaa ile, bolti iko kiganjani,
simu ikaita: Aminiel, mdogo wangu, yuko Rombo.
Eti nimesogeza masale.
Eti nimekula hatua mbili za kihamba cha baba.
Nilifoka nikiuzunguka uwanja, kuku wakanikimbia,
na niliporudi chini ya gari
nilikuwa nimeshika ardhi nyingine kabisa.

Bolti ilikuwa kwenye kopo la siagi.
Kunda, mwanafunzi wangu, aliniuliza Jumamosi:
"Fundi, hii imebaki ya wapi?"
Nikamjibu, ya zamani hiyo.
Ana miaka kumi na saba. Hakuamini, akanyamaza.

Nikakwangua kutu kwa msasa,
nikakaza mpaka spana ikalia.
Kunda akapiga stata.
Nikaweka glasi ya chai juu ya injini,
tukainama wawili, tochi moja.
Chai haikutikisika.

Asubuhi nilimwambia Mama Ndeanka, kosa ni langu.
Nilikuwa na uongo mzuri tayari, ulionyooka,
wenye sensa ndani yake,
lakini Kunda alikuwa amesimama pale na kopo.
Mama akahesabu kwa vidole.
"Lita kumi na moja," akasema.
Nikalipa lita kumi na moja.
Akaondoka, injini kimya kiasi
kwamba nilisikia madumu yakigongana.

Jina la Aminiel bado liko juu kabisa
kwenye orodha ya waliopiga.
Nasema nitampigia nikishanawa,
mikono ina grisi, simu itachafuka.
Nimeshanawa mara mbili.